Nipe Nikupe: Nani Atangulie?



Juma hili tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mtu mzima amelifanya tangu asubuhi, pengine bila kulifikiri: kutoa kitu na kupokea kitu. Mama aliyenunua nyanya, kijana aliyelipa nauli, mzee aliyebadilisha jogoo kwa jembe, wote wamefanya kazi hiyo. Sokoni haina taabu. Nyanya ziko mezani, fedha iko mkononi. Huyu anyoosha mkono, na yule anyoosha mkono, na kwa dakika ile ile kila mmoja amepata chake. Hapana haja ya kujuana wala kupendana. Hata watu wawili wasiosalimiana waweza kuuziana chumvi kwa namna hii, kisha wakaenda zao.

Lakini ondoeni meza ile. Mwekeni muuzaji Songea na mnunuzi Bukoba, wasijuane kwa sura wala kwa ukoo, na kitu kiuzwacho kiwe hakishikiki kwa mkono, bali chapita hewani kwa simu. Hapo lazuka swali dogo ambalo ni gumu kuliko lionekanavyo. Nani atangulie kutoa?

Nitawapeni mfano. Kwaya moja, ambayo sitaitaja, ilitaka nota za misa mpya kwa ajili ya Pasaka. Wanakwaya walichanga shilingi 60,000, kila mtu kwa uwezo wake. Wengine waliuza mayai ili wapate sehemu yao. Mwenyekiti akapata namba ya mtu aliyejitangaza katika simu kuwa ni mtunzi. Mtunzi akasema: “Tuma fedha kwanza, maana nikituma nota mtazichapa na kunisahau.” Mwenyekiti akajibu: “Tuma nota kwanza, maana hatukujui.” Tazameni, kila mmoja alisema neno la haki. Wakavutana siku tatu. Mwishowe, kwa kuwa Pasaka ilikuwa imekaribia, mwenyekiti akatuma fedha. Nota hazikuja, na simu haikupokelewa tena.

Mngedhani hasara ilikuwa ni shilingi 60,000. Sivyo. Haukupita muda wanakwaya wawili wakaanza kunong’ona kuwa mwenyekiti amekula fedha pamoja na rafiki yake, na kwamba huyo mtunzi hakuwapo kamwe. Mwenyekiti akaudhika, akaacha kuja mazoezini. Ndugu zake nao wakaacha. Pasaka ikaimbwa na nusu ya watu. Mwizi alikuwa mbali, lakini ugomvi ulikuwa ndani ya nyumba. Wageni wawili wakikosa kupatana kwa haki, huharibika na imani ya majirani waliokuwa wakiaminiana tangu utoto. Ndiyo sababu nasema jambo hili si la wafanyabiashara peke yao.

Kitu kisichorudishika

Wataalamu wa kompyuta wamelichunguza swali hili kwa zaidi ya miaka 40. Taratibu wanazozitafuta waziita itifaki za kubadilishana kwa haki. Maana ya haki kwao ni hii: mwisho wa shughuli, ama wote wawili wamepata walichopatana, ama hakuna hata mmoja aliyepata kitu cha kumfaa. Asiwepo anayeondoka na vyote viwili huku mwenzake amebaki mikono mitupu. Tena asiwepo anayeachwa kungoja siku zote bila kujua mambo yameishaje.

Kwa nini vitu vya simu na kompyuta vina taabu kuliko gunia la mchele? Gunia waweza kulifungua, ukatia mkono, ukanusa, nalo likabaki kuwa mali ya mwenyewe. Lakini nota, hati, picha au namba ya siri ukishaionyesha umekwisha kuitoa. Mnunuzi akiiona ameipata, na hapana njia ya kumnyang’anya alichokwisha kukiona. Na asipoionyeshwa, atajuaje kuwa hauziwi mbuzi kwenye gunia?

Dhahabu ufukweni

Tusidhani kuwa kutoaminiana ni jambo la siku hizi. Herodotus, mwandishi Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika habari aliyoipata kwa watu wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia. Walisafiri kwa merikebu pwani ya Afrika, kupita mlango wa bahari ya kati, wakafika kwa watu waliokaa huko. Walishusha bidhaa zao, wakazipanga ufukweni, wakarudi merikebuni na kufukiza moshi. Wenyeji walipouona moshi walikuja, wakaweka dhahabu kando ya bidhaa, wakajitenga mbali. Watu wa Carthage walishuka kuitazama. Dhahabu ikitosha, waliichukua na kwenda zao. Isipotosha, walirudi merikebuni wakangoja, nao wenyeji wakaongeza, mpaka wakaridhika. Yasemekana hakuna aliyemdhulumu mwenzake: hawa hawakuigusa dhahabu kabla haijalingana na bidhaa, na wale hawakuzigusa bidhaa kabla dhahabu haijachukuliwa.

Nini kilichowalinda? Kwanza, kila upande uliweza kuona kitu cha mwenzake kabla ya kukichukua. Pili, walihitaji kukutana tena. Mwenye kunyakua dhahabu mara moja angeifunga pwani ile siku zote. Lakini mtu ajitangazaye kwa namba ya simu aweza kuitupa namba hiyo leo jioni, na kesho akapata nyingine.

Yakobo alitangulia

Someni tena kitabu cha Mwanzo, sura ya 29. Yakobo alipatana na mjomba wake Labani kumtumikia miaka saba ili ampate Raheli. Yakobo akatangulia kutoa. Akatoa miaka yote saba, na asubuhi baada ya arusi akakuta amepewa Lea. Angefanyaje? Miaka saba hairudishiki, kama vile nota iliyokwisha kuonwa hairudishiki. Hii ndiyo hatari ya mwenye kutangulia: hubeba hatari yote peke yake.

Lakini wengi husahau ya pili. Safari hii Labani alimpa Yakobo Raheli baada ya juma lile la arusi, kisha Yakobo akamtumikia miaka saba mingine. Yaani mara ya pili aliyetangulia kutoa ni Labani! Yakobo aliyekwisha kudanganywa angeweza kumchukua mkewe na kutoroka usiku. Hakufanya hivyo, alilipa deni lake mpaka siku ya mwisho. Na miaka mingi baadaye watu hawa wawili walipoachana, bado hawakuaminiana. Wakakusanya mawe yawe chungu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama katikati, wakamwita Mungu awe shahidi kati yao. Basi hata wao walimtafuta wa tatu. Tutarudi kwenye neno hili.

Kidogo kidogo

Njia ya kwanza waliyoifikiri wataalamu ni ya kukatakata. Kama kutoa vyote kwa mara moja ni hatari, tutoe kidogo kidogo kwa zamu. Mwaka 1983 Bwana Manuel Blum, mwalimu katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika jinsi watu wawili wanavyoweza kubadilishana funguo za siri kwa njia ya namna hiyo. Mwaka 1985 Mabwana Even, Goldreich na Lempel wakaeleza utaratibu wa kutia sahihi mikataba kwa wasioaminiana.

Tuseme wewe una ufunguo wa tarakimu 100, nami nina wangu wa tarakimu 100. Wanipa tarakimu moja, nakupa moja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikikukimbia katikati nitakuwa nimekutangulia kwa tarakimu moja tu. Kama nimepata 97 nawe umepata 96, mimi nimebakiwa na tarakimu 3 za kubahatisha, yaani majaribio 1,000, nawe umebakiwa na 4, yaani majaribio 10,000. Kazi yako imezidi yangu, lakini hukuachwa gizani.

Njia hii ina kasoro zake. Mwenye kompyuta yenye nguvu atamaliza majaribio yake upesi, na maskini mwenye simu ndogo atahesabu mpaka azeeke. Tena yahitaji barua nyingi za kwenda na kurudi, na namna ya kuhakikisha kuwa kila tarakimu ni ya kweli.

Hata hivyo wazo la kidogo kidogo limefanya kazi kubwa ulimwenguni. Mwaka 2001 Bwana Bram Cohen, Mmarekani, alitoa programu ya BitTorrent, ambayo kwayo watu wasiojuana hugawana mafaili makubwa vipande vipande. Kanuni yake ni nipe nikupe hasa: mashine yako huwapelekea vipande zaidi wale wanaokuletea vipande vizuri. Lakini hapo pana neno la kututafakarisha. Kama kila mashine ingengoja kupewa kwanza, mgeni aliyeingia sasa hivi bila kipande hata kimoja asingepata kitu kamwe. Kwa hiyo kila baada ya sekunde kama 30 programu humchagua mmoja kwa bahati tu, ikampa bila kudai, ili naye apate mahali pa kuanzia. Mhandisi aliyekuwa akitafuta mwendo wa kasi alikuta kuwa nipe nikupe haiendi pasipo nafasi kidogo ya kutoa bure. Sisi Wakristo tuna jina la kitu hicho.

Barua ya mwisho

Je, haiwezekani kuupata utaratibu mkamilifu, wa watu wawili tu, usio na hatari hata kidogo? Wataalamu waliutafuta, kisha wakathibitisha kuwa haupo. Mwaka 1980 Bwana Shimon Even na Bwana Yacov Yacobi wa chuo cha Technion, huko Haifa, walionyesha hivyo kuhusu kutia sahihi mikataba. Mwaka 1999 Bwana Henning Pagnia na Bwana Felix Gärtner, wa Darmstadt katika Ujerumani, wakaeleza kuwa kubadilishana kwa haki kabisa hakuwezekani pasipo mtu wa tatu wa kuaminika.

Sababu yake yaweza kueleweka hata na mtoto wa darasa la saba. Tuseme utaratibu una barua kumi, na ya kumi yaandikwa na mimi. Nikishaipeleka sipokei kitu tena, kwa hiyo kabla ya kuipeleka ni lazima niwe nimekwisha kupata changu. Basi naweza kukataa kuipeleka, nisipungukiwe na kitu. Ili nawe usidhulumiwe kwa kukataa kwangu, ni lazima nawe uwe umekwisha kupata chako. Lakini kama wote tumekwisha kupata, barua ya kumi ni ya bure. Tuifute. Sasa ya mwisho ni ya tisa, nayo tutaifuta kwa hoja ile ile, halafu ya nane, halafu ya saba, mpaka hapabaki barua yo yote. Na bila barua hakuna aliyepata kitu. Kwa hiyo utaratibu ule haukuwapo tangu mwanzo.

Msikate tamaa kwa habari hii. Yatuambia tusimwamini mtu ajaye kutuuzia dawa ya usalama mkamilifu wa watu wawili peke yao, na yatuelekeza mahali pa kutazama.

Mtu wa tatu

Wazee wetu walilijua jambo hili bila hesabu. Hakuna aliyepeleka mahari bila mshenga. Na lugha yetu ina neno zuri sana, amana, yaani kitu cha watu kilichowekwa mikononi mwa mwaminifu mpaka wakati wake utimie.

Sisi makarani wa parokia twaijua kazi hiyo. Mara kwa mara huja ofisini watu wawili, mmoja anauza mbuzi aliye kijiji cha mbali, mwingine anamnunua. Fedha yatiwa katika bahasha, majina yaandikwa juu, nayo yakaa kabatini. Mbuzi akifika mzima, bahasha yatolewa. Asipofika, fedha yarudi kwa mwenyewe. Kampuni kubwa za China zafanya kazi ile ile: mwaka 2003 soko la Taobao lilianzisha Alipay, ambayo ilishika fedha ya mnunuzi mpaka athibitishe kuwa bidhaa imemfikia. Biashara ya watu wasioonana ilistawi huko kwa sababu hiyo, wala si kwa kuwa watu waliacha kudanganya.

Lakini mtu wa tatu naye ana udhaifu. Karani huugua. Karani husafiri, na Jumatatu ofisi imefungwa. Karani aweza kushawishika, na bahasha zikiwa nyingi kishawishi hukua. Aona pia siri za kila mtu. Na kama kila biashara lazima ipite mezani pake, basi meza hiyo ikifungwa soko zima limefungwa. Akitaka ujira atautaja mwenyewe.

Hakimu aliyekaa nyumbani

Basi likaja wazo jingine, nami naliona kuwa zuri kuliko yote. Mwaka 1997 Mabwana N. Asokan, Matthias Schunter na Michael Waidner waliandika juu ya mtu wa tatu asiyefanya kazi mpaka aitwe. Bwana Silvio Micali wa chuo cha MIT, Marekani, naye alikuwa na wazo kama hilo miaka hiyo hiyo.

Hufanyika hivi. Mimi nawe twataka kubadilishana hati zenye sahihi. Kwanza nakupelekea sahihi yangu ikiwa ndani ya bahasha ya hesabu, yenye kufuli ambalo hakimu peke yake ana ufunguo wake. Wewe huwezi kuifungua, lakini waweza kuihakikisha kwa hesabu kuwa ndani yake imo sahihi yangu ya kweli, si karatasi tupu. Nawe wanipelekea bahasha yako ya namna hiyo. Kisha nakupa sahihi yangu waziwazi, nawe wanipa yako. Yamekwisha, na hakimu hakusumbuliwa.

Ukipokea yangu ukanyamaza, naichukua bahasha yako na kwenda kwa hakimu. Kwanza atanidai yangu aiweke kwa ajili yako, halafu atanifungulia yako. Na kama nilituma bahasha yangu ya kwanza nawe hukujibu kabisa, namwendea hakimu aandike kuwa shughuli imevunjwa, na tangu hapo hatakufungulia wewe bahasha yangu. Hivyo hakuna angojaye milele.

Mwaona faida yake? Mdanganyifu ajua tangu mwanzo kuwa hatapata kitu kwa udanganyifu, basi haoni sababu ya kuujaribu. Hakimu akaa nyumbani kwake analima bustani, na kule kuwapo kwake tu kwatosha. Ndivyo ilivyo jumuiya yenye wazee wa heshima: mashauri huwa machache, si kwa kuwa wazee wana kazi nyingi, bali kwa kuwa kila mtu ajua wapo.

Nusu ya karatasi na daftari la wote

Liko na jaribio la kumweka mtu wa tatu asiye mtu, yaani daftari la hadhara ambalo kompyuta nyingi hulitunza kwa pamoja, nalo huitwa blokucheni. Daftari la Bitcoin lilianza mwaka 2009. Mwaka 2011 Bwana Gregory Maxwell alieleza jinsi ya kuuziana siri kwa kulitumia, na Februari 2016 jambo hilo likafanyika. Yeye akiwa California, alinunua kutoka kwa Bwana Sean Bowe jibu la fumbo la namba liitwalo Sudoku, mbele ya wataalamu waliokutana katika kisiwa cha Barbados. Bei ilikuwa Bitcoin 0.10.

Kulielewa, kumbukeni kitabu cha Tobiti, sura ya 5. Tobiti aliweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli katika nchi ya Umedi. Waliandikiana hati, wakaikata vipande viwili, kila mmoja akachukua kimoja. Miaka 20 baadaye ilitosha kuleta kipande kile kilingane na mwenzake, na mifuko ikatolewa ikiwa na mihuri yake.

Kule Barbados muuzaji alifungia jibu lake kwa kufuli, akamthibitishia mnunuzi kwa hesabu kuwa ndani mna jibu sahihi, bila kulifunua. Tena alimpa alama ya ufunguo, kama alama ya kidole gumba: si ufunguo wenyewe, bali chaweza kulinganishwa nao. Mnunuzi akaiweka fedha katika daftari kwa sharti hili: ye yote atakayeonyesha hadharani ufunguo unaolingana na alama hii, fedha ni yake, muda ukipita bila kuonyeshwa, fedha irudi. Muuzaji hawezi kuichukua fedha bila kuutoa ufunguo mbele ya wote, na mnunuzi akauona. Kitendo cha kupokea ndicho kitendo cha kutoa. Ni ile meza ya sokoni, imerudishwa hewani. Abrahamu naye alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 mlangoni pa mji, mbele ya watu wote, ili watu wawe daftari lake.

Hata hivyo mwaka 2017 wataalamu wengine walionyesha tundu. Katika utaratibu ule, vifaa vya kufanyia uthibitisho viliandaliwa na mnunuzi mwenyewe. Mnunuzi mwenye hila angeweza kuviandaa vibaya, akachungulia sehemu ya jibu kabla ya kulipa. Kufuli lilikuwa imara, lakini halikuulizwa limetengenezwa na nani. Basi hata hapo mtu wa tatu hakuondoka. Alijificha ndani ya wale watengenezao makufuli na watunzao daftari.

Sisi je?

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo fedha yaweza kwenda Songea hadi Bukoba kwa nukta chache. Lakini bidhaa haikupata mbawa hizo. Kampuni ya simu yashuhudia kuwa fedha imefika. Haishuhudii kuwa nota zimefika. Mtu apataye ujumbe wa kuthibitisha malipo hudhani ameshika risiti ya biashara yote, kumbe ameshika ya nusu.

Basi haya yafaa kufanywa, nayo hayahitaji kompyuta.

Moja, mkatekate. Kwaya ingeweza kuomba ukurasa wa kwanza wa wimbo mmoja, ikauimba, ikatuma sehemu ya fedha, kisha ikapokea wimbo mmoja zima, na kuendelea. Ambaye angetoroka angetoroka na shilingi elfu chache.

Mbili, mtafute mtu wa tatu anayejulikana na pande zote mbili, na atajwe kabla fedha haijatumwa, si baada ya kudhulumiwa. Mtunzi ana parokia yake. Mwalimu wa kwaya wa huko, karani, au mwenyekiti wa jumuiya aweza kuulizwa. Mtu akikataa kila shahidi mnayemtaja, hilo nalo ni jibu.

Tatu, muuzaji naye alindwe. Twazoea kumhurumia mnunuzi peke yake. Watunzi wetu wengi huibiwa nota zao na kwaya zisizolipa, na hizo kwaya huimba kazi ya watu mbele ya altare bila haya. Mtunzi aliyesema “tumeni kwanza” pengine amekwisha kuumwa mara nyingi.

Nne, anayetuma fedha ya wengi asitume peke yake. Watu wawili au watatu waone namba, waone jina, waone kiasi, na iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama mwenyekiti wetu angefanya hivyo, fedha ingaliweza kupotea, lakini jina lake lisingepotea.

Tano, namba yako ya siri haimo katika biashara yo yote. Hapana mtu wa tatu, awe wakala, awe ndugu, awe yule asemaye kuwa yu wa kampuni, anayestahili kupewa.

Wasomaji wapenzi, hesabu za mabwana wale zimetufundisha kuwa imani haiwezi kufutwa katika mapatano ya watu. Yaweza kuhamishwa tu, itoke hapa iwekwe pale. Basi kila parokia, kila kijiji, kila soko lahitaji watu wachache ambao fedha ya wengine ikilala kwao hulala salama. Watu hao hawatengenezwi kiwandani. Huanza na mtoto aliyetumwa dukani akarudisha chenji yote. Wazazi, mwakilisheni watoto wenu katika kazi hiyo mapema, na mwahesabie chenji mbele yao bila hasira.

Na wale wa kwaya ile, kama mwasoma gazeti hili: mwendeeni mwenyekiti wenu. Fedha haitarudi, lakini yeye bado yuko karibu.

Mpaka juma lijalo, Mungu awabariki.